Pindoni

Saa kumi alfajiri Lugembe yuko macho,
anapanga vizibo vya soda kutoka mlangoni
hadi uvunguni. Nikikanyaga kimoja,
Igogo nzima itaamka.

Uji umwagike, sawa. Ila dagaa wasiguse ugali!
Jirani ana dawa, shangazi ana maombi,
mimi nina ufagio na usingizi wa kukopa.

Jana, juu ya jiwe nyuma ya choo,
tukasikia honi ya pantoni ya Kamanga.
Akaziba masikio, akalia, akanipiga teke, kisha
akaitoa sauti ileile, kutoka kifuani:
mmmmmm.
Nikaitikia.
Akageuka. Akanitazama machoni,
nikahesabu, moja, mbili, ta—
akarudi kwenye vizibo vyake.

Sekunde mbili na nusu.
Nimezifunga pindoni mwa kanga.