Pasi ya Makala

Alfajiri ile nililipiga pasi koti lake:
rangi ya majivu, bitana ya hariri,
mfukoni kipande cha tiketi ya ndege kutoka Kinshasa.
Sikukisoma. Sawa, nilikisoma.
Mtumishi wa hoteli alisimama mlangoni akihema:
"Upesi, Mama Nshobole, mkubwa anazungumza saa nne,
na kule hotelini kura imeenda tangu jana."

Huku kwetu Bukavu neno ni lile lile,
kura ya waya, kura ya sanduku:
zote mbili hutangazwa kwa tarumbeta,
zote mbili hukatika ukiwa katikati ya jambo.

Nikapuliza makala. Cheche zikaruka,
nikazikinga kwa kiganja.
Koti la mkubwa likitoboka
deni lake hurithiwa na wajukuu.

Saa nne ikawa saa sita.
Ukumbi wa parokia, Kadutu, viti vya kukodi,
soda moja kwa kila atakayetia sahihi kwamba amehudhuria.
Nilitia. Nilikuwa na kiu.
Akaingia na koti langu.
Nasema langu, maana mkunjo wa mkono wa kushoto
niliukosea, nikaupiga mara mbili,
na ukumbini humo ni mimi tu niliyeuona.

Ukutani akatuonyesha mto wetu
umetulia kuliko tunavyoujua.
Bwawa jipya la Cihanda.
Dola milioni mia sita na arobaini:
alizitamka polepole
kama mtu anayeshusha trei ya mayai kutoka kwenye lori.
Akasema mwanga. Akasema kila nyumba. Akasema watoto wenu
Nje jenereta ikakohoa,
mto ukafutika ukutani,
tukabaki gizani na dola zetu milioni mia sita
tukingoja kijana aliyetumwa mazuti.

Humo gizani ndimo maswali yalimoota miguu.
Zihindula, fundi wa kuchomelea vyuma:
"Bwawa la zamani mashine zake zimekabwa koo
na chupa zetu za plastiki. Sawa, kosa letu.
Wavu wa kuzinasa ni dola ngapi?"
Watu wakacheka, kisha wakaacha ghafla, wakangoja.
"Swali zuri sana," ikajibu sauti.
Hatukusikia kalamu.

Mwalimu Ntakwinja alikuwa na nakala, aliipata wapi sijui,
akaimulika kwa simu:
"Ukurasa wa arobaini na moja. Nyaya zinapita juu ya Bagira
wala hazishuki. Zinakwenda mgodini.
Mnaposema kila nyumba,
huo mgodi una vyumba vingapi vya kulala?"

"Hiyo ni awamu ya kwanza."

Na ya pili, akauliza mtu nyuma,
lakini jenereta ilikuwa imeshapona
na mto umerudi ukutani, bluu, bila chupa hata moja.

Mimi sikuuliza. Hesabu yangu ni ndogo:
faktura za umeme kumi na moja
nimezitunga kwenye msumari mmoja, zote zimelipwa,
na kando yake gunia la makala, limefika nusu.
Balbu ya sebuleni buibui amejenga humo.
Simlaumu. Amefanya utafiti wake,
anajua hapatapata moto.

Jioni koti likarudi.
Kesho anashuka Uvira na mto ule ule.
Mfuko wa ndani, karatasi ya sahihi zetu,
na juu yake, kwa wino mwingine, mtu ameandika:
WANANCHI WALIOUKUBALI MRADI.
Namba hamsini na saba, Nshobole M'Cirhuza,
mwandiko wangu,
herufi ya mwisho imelowa soda.

Nikaikunja, nikairudisha mahali pake.
Nikapuliza makala.
Cheche zikaruka
na kiganja changu, mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa,
kikachelewa.