Kukata Kauli

Jumatano ya theluji, saa kumi na moja jioni,
kidude cha kulipia kilizungusha kiduara chake,
kikazungusha, kikazungusha,
kikaandika: jaribu tena.

Faina Lvovna alishika mkate mmoja na maziwa.
Alijaribu tena.
Nyuma yake foleni ilishafika mlangoni,
kila mtu kainua simu juu kama anayenusa moshi.
Noti? Nani Almaty hii hubeba noti?
Pesa zetu zilikuwa hewani,
na hewa ilikuwa imefungwa.

Redioni, mwanamume mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kunawa mikono
alisoma: kwa kuwa hali ya dharura imetangazwa,
kwa kuwa sheria inaipa mamlaka husika uwezo
wa kusitisha mawasiliano kwa muda itakaouona unafaa,
kwa usalama wenu —
serikali, akasema, imekata kauli.

Mama yangu naye alikata kauli
siku mbili kabla ya kufa, hospitali ya Talgar:
macho yanaona, mkono unabana mkono,
neno halitoki.
Basi ugonjwa wa mji niliujua usiku uleule.

Nikavuta daftari la zamani chini ya kaunta,
lenye doa la chai na madeni ya watu waliokwisha hama.
Faina Lvovna, ghorofa ya nne: mkate, maziwa.
Zhamal nesi: mishumaa sita.
Kijana wa nyumba ya saba, jina simjui,
nikamwandika Kofia Nyekundu: sigara.
Dawa ya deni kulipa, niliwaambia,
lakini mgonjwa kwanza ale.

Mwanangu Elaman alikuwa ametoka saa nane.
Naenda kuona tu, alisema. Uwanjani.
Nikampigia. Akaja yule mwanamke mpole,
asiyechoka, asiyesikitika,
kwa Kikazakhi, kisha kwa Kirusi:
mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.
Hapatikani!
Kana kwamba kupatikana ni tabia aliyoiacha.

Siku tano. Uvumi ulipanda ngazi kwa miguu,
ukinenepa kila ghorofa:
chini wamekufa wawili,
ukifika ya tisa wameshakuwa mia.
Na nani angewakanusha? Kwa usalama wetu
tuliogopa kila kitu kwa kiasi kilekile.

Jumatatu simu ikatetemeka mpaka ikaanguka rafuni.
Jumbe mia mbili na kumi:
godoro kwa bei ya punguzo,
paka wa dada yangu ndani ya sufuria,
benki ikiomba radhi kwa usumbufu.
Katikati, ya Jumatano, saa kumi na dakika hamsini na nane:
*Mama nimegeuka. Nakuja. Mkate upo?*

Watu wamelipa. Faina Lvovna alileta sarafu ndani ya soksi.
Nimekata mistari yote isipokuwa mmoja,
nilioandika kwa kalamu ya risasi, kisha nikaukoleza kwa wino:
Mamlaka husika, ghorofa sijui ya ngapi:
siku tano. Elaman.

Kituo cha polisi wananiambia niandike barua pepe.

Kila jioni naweka mkate mmoja pembeni.
Saa mbili nikifunga duka umekuwa mgumu,
nampa Kofia Nyekundu, anayenisaidia kushusha shata.
Anaitwa Kuanysh, kumbe.
Nimelifungua daftari, nimelisahihisha.