Kijiko Kimoja Kabla

Unga haukubali maji.
Nautikisa chupani mpaka mkono unachoka kabla ya chuma,
nao bado unaelea juu, mweupe, mkaidi,
kama theluji iliyokataa kusikia kuwa ni Aprili.
Mchungu. Uchungu wa aspirini iliyokwama kooni,
na juu yake ladha ya tikiti maji
ambalo halikuwahi kuota shambani kwa mtu.

Baba aliutuma kutoka Rostov,
malipo ya siku nne za kupiga lipu ghorofa ya tisa.
Kopo jeusi, maandishi ya Kirusi:
leusini, isoleusini, valini.
Kijiko kimoja kabla ya mazoezi, kimoja baada.
Bibi Haykanush alivaa miwani, akayasoma majina matatu
polepole, kama anayeita watoto wa jirani waje kula,
kisha akauliza, "Na nyama yenyewe iko wapi?"

Nikamweleza nilivyoelezwa:
kwamba protini ni ukuta, na asidi amino ndizo matofali;
kwamba ninyanyuapo, misuli huingia nyufa ndogo ndogo
zisizoonekana, na usiku mwili huamka kuziziba;
kwamba matofali yakifika mapema, fundi hangoji.

Akatazama dirishani.
Hapa Gyumri, ukimwambia mtu wa rika lake
habari za kuta na nyufa, humalizi sentensi.
Miaka kumi na mmoja aliishi ndani ya kontena la bati
akingoja matofali.
"Fundi hangoji," akarudia. "Haya."

Kocha Mkrtich alilipindua kopo, akalinusa,
akatafuta muhuri wa maabara.
"Safi," akasema, "lakini usafi haunyanyui."
Akasema anayekula mayai, jibini na dengu akashiba
hana pengo kubwa la kuzibwa na unga.
Akasema pia, sauti ikishuka,
kwamba ujanani alipewa vidonge visivyo na jina,
akameza, hakuuliza.
Siku hizi husoma kila lebo mara mbili,
hata ya sabuni.

Nilikunywa. Wiki sita. Kabla, baada.
Maumivu ya mapaja yalipungua,
au niliyazoea; sijui, na kopo halikusema.
Kilo themanini na mbili zilibaki pale pale sakafuni
zikinitazama.

Wiki ya saba Bibi hakulala.
Makongoro yalichemka usiku kucha bila chumvi,
yeye akiengua povu, madirisha yakitoka jasho,
mpaka alfajiri mchuzi ukanata midomoni
kama gundi ya seremala.
Akaponda kitunguu saumu, akavunjia mkate mkavu humo ndani.
"Matofali," akasema, akinisukumia bakuli. "Kabla."
Nikala mpaka mkanda ukalalamika.
Nikaenda.
Nikashindwa mara tatu,
na mara ya tatu nilicheua kitunguu saumu mbele ya wavulana wote.

Alhamisi nilichelewa basi.
Tumboni chai tu na kipande cha jibini,
unga nimeusahau mezani,
nywele sijafunga, hasira za barabarani bado mabegani.
Nikashika chuma kama mtu anayehamisha kabati lisilo lake.
Kikapanda.
Kikakaa juu ya kichwa changu, kimya,
na mimi chini yake nikiwaza: nani kakuleta hapa?

Baba, kwa simu: "Si nilikwambia? Kopo."
Bibi, kutoka jikoni: "Makongoro hukawia. Yakifika, yamefika."
Mkrtich: "Viwiko, Nvard. Leo umekumbuka kufunga viwiko."

Baba akauliza kama atume jingine.
Nikamwuliza ghorofa zimefika ngapi.
"Kumi na mbili," akasema,
na tukasikilizana tukipumua.

Kopo limekwisha. Bibi ameliosha, ametia vifungo.
Kile kijiko cha plastiki kiko kwenye mtungi wa chumvi,
na asubuhi, nikifunga viatu, namsikia akipima juu ya sufuria:
kimoja,
kisha anasita, anaonja,
kimoja baada.