Mataruma Manne

Mthamini ameinamia kishikwambi chake,
kijana wa juzi, viatu vimejaa vumbi la Mkuyuni.
Ananiuliza nyumba imejengwa kwa nini.
Tofali za udongo, namwambia. Bati geji thelathini.
Na juu ya milango, mataruma manne ya reli.

Anaacha kuandika.
"Mataruma ni mali ya shirika, mama. Hayalipwi."

Basi sikiliza, maana fomu yako haina kisanduku cha haya.

Babu yangu Kwilasa aliyabeba, labda haya haya,
kutoka upande wa Malampaka,
wawili kwa taruma moja, mmoja kila ncha,
mwaka ambao kodi ya kichwa ilidaiwa kwa kiboko.
Alipoliona ziwa akasema:
Loo, kumbe muda wote walikuwa na kiu!
Hakujua kuwa wanafuata pamba.

Baba akazaliwa ndani ya mlio.
Akawa mtu wa gengi: spana ya mpini mrefu,
bendera mbili, kilomita nane kila alfajiri,
akigonga bolti na kutega sikio
kama mkunga anavyolitegea tumbo.
Iliyokaza inaitika. Iliyolegea inanung'unika.
Hata nyumbani aligonga sahani kabla ya kula.

Na lile treni la asubuhi, mabehewa mawili tu
nyuma ya kichwa kizee chenye kikohozi:
Fela, Nyashishi, Butimba, hapa, Mwanza Kusini.
Wachambua pamba wenye nyuzi kwenye nyusi,
makuli wa bandari, wanafunzi wa kusimama,
na mama yangu Minza na beseni la dagaa
ambalo kondakta Rwegoshora alilikatia tiketi ya mtoto,
kwa kuwa, alisema, linanuka lakini halilii.
Tiketi za kadibodi ngumu, tundu katikati.
Ninayo moja. Bei imefutika, tundu limebaki.

Hatukuwa na saa.
Likipiga honi Butimba, uji unateremshwa.
Likichelewa, mtaa mzima unachelewa pamoja
na hakuna wa kumlaumu mwenzake.

Halikuagwa.
Hakuna aliyesema, leo ndiyo mwisho.
Asubuhi moja tulisikia kengele ya shule tu,
kile kipande cha reli kinachogongwa kwa bolti,
chuma kikiita chuma, bila jibu.

Baba alidai mishahara ya miezi mitatu.
Akapewa mataruma manne, na barua.
Barua ililiwa na mchwa.
Chuma hawakukiweza.
Watu wakapanda matembele katikati ya njia,
kisha vibanda, kisha sisi, hatua kumi kutoka relini,
maana baba alikataa kulala mbali nayo.

Juzi mmekuja na rangi. X nyekundu,
mbichi, imechuruzika hadi kwenye msingi.
Nikakuuliza: hilo jipya litasimama Mkuyuni?
Ukasema, "Litapita."

Leo fundi ameshusha linta ya mlango wa jikoni.
Ndani ya mgongo wake, ule mfereji unaotazama chini,
masizi ya miaka yote, unene wa ngozi ya kitoto.
Nikayafuta kwa khanga.
Chini yake, mikwaruzo ya msumari.
Tarehe, na mbele ya kila tarehe neno moja
kwa mwandiko ule wa baba wa herufi zilizosimama wima
kama anaandika ripoti ya njia:
bado.
bado.
bado.
Hadi chuma kilipomwishia.

Nimepita chini ya neno hilo na masufuria mikononi
tangu nikiwa msichana, sikuinua macho.

Andika unavyotaka, kijana. Matatu chukua,
rudisha kwa shirika, waambie yalitunzwa.
Hili la jikoni nahama nalo.
Ila ni zito, na ncha zake ni mbili.
Weka hicho kishikwambi chini.
Shika huko.