Saa Moja ya Inzi

Ndizi nazinunua Mabibo, zilizoiva hadi kulia,
zile ambazo Mangaza hathubutu kumuuzia mtu.
"Za pombe?" huniuliza.
"Za inzi," namjibu,
naye hucheka mpaka kitambaa kinamlegea kichwani.

Nazisaga, natia hamira na unga wa mahindi,
nakoroga uji mzito, namimina chupani, naziba kwa pamba.
Kisha nawaingiza wapangaji,
wadogo kuliko punje ya mtama,
macho mekundu kama mbegu za komamanga.

Dakta Kokushubila ana swali moja tu, la miaka kumi na minne:
buu aliyejifungia gandani, gizani,
nani anamwambia kwamba kumekucha?

Sisi hatuhesabu saa kutoka usiku wa manane.
Tunalingoja jua. Likishatembea kidogo,
ndiyo saa moja.
Inzi naye, bila mwalimu,
hupasua ganda umande haujakauka,
akanyoosha mbawa zilizojikunja kama shati lililotoka ndooni.

Jumanne umeme ulikatika Mlimani kote.
Jenereta ilikohoa, ikanyamaza.
Siku mbili makabati yenye taa za kuigiza jua
yalikuwa giza tupu, nami nikasema kazi imekwisha.
Asubuhi ya tatu nikaingia na tochi nyekundu, wasiyoiona.
Walikuwa wanatoka. Kwa pamoja. Saa yao ileile.

Isipokuwa chupa ya kumi na tisa.
Hao wana kosa la herufi moja katika urithi wao;
hutoka adhuhuri, hutoka usiku,
kama wageni wasiojua desturi za nyumba.

Mama yangu, Chausiku, alikesha wodini Mwananyamala
miaka ishirini na sita. Kastaafu Juni.
Bado saa nane za usiku nasikia ndara zake ukumbini,
anakagua vitanda ambavyo havipo.

Husemwa inzi kufia kidondani si hasara.
Mimi ndiye ninayewamwaga kwenye spiriti,
nawahesabu kwa ncha ya brashi,
na kidonda ni chetu.

Chupa ya kumi na tisa sijamsimulia.
Juzi nilimkuta jikoni, amekaa bila taa.
"Hujalala?"
"Nimeshaamka," akasema.
Nikamulika kwa simu nitafute kiti.
Juu ya ndizi mezani palikuwa na inzi mmoja,
wa mtaani, hana chupa wala namba,
amelala.