Maswali Arobaini

Saa nne za usiku, Al-Khoud, kiyoyozi kinakoroma,
Ghaniya ananipigia kutoka Odense, simu kaiegemeza kwenye birika.
"Shangazi, niulize." Ananitumia karatasi, navaa miwani.
Maswali arobaini. Akikosa tisa, anabaki mgeni.

Mfalme yupi alibatizwa kwanza?
Nyama gani huliwa mkesha wa Krismasi?
"Ya nguruwe," anajibu, "au bata. Tuandike bata, shangazi,
bata hana kesi."
Tunacheka. Kisha anakizima kicheko kama mtu azimavyo jiko.
Jana, anasema, wamejadili tena kitambaa changu,
saa mbili nzima, watu wazima na tai zao,
na hakuna aliyeuliza kichwa kilichomo ndani kinawaza nini.
(Kinawaza kodi ya nyumba. Kinawaza meno ya mtoto.)

Asubuhi naichukua hasira yangu, naipeleka mlango wa pili,
sebuleni kwa kaka Msellem, baba yake.
Nakuta wameshaianza bila mimi.
Wazungu hawa! Waliwaita watu wakawafagilie, wakawazalie,
leo wanawauliza mmefuata nini.
Halwa inazunguka. Kahawa inazunguka.
Hilal anasema: mtu akizalia mahali, akazika mahali,
pale si kwao?
Nami ndiyo, ndiyo! Najipiga goti kwa kofi.

Kofi lile likaniamshia sabini na moja.
Matrah, dawati la mbao, karani mwenye kalamu mbili mfukoni,
mimi mtoto, nimeshika pindo la buibui la mama.
"Kabila?" Mama akataja.
"Shekhe wenu nani? Anakujueni?"
Mama akajibu kwa Kiarabu chake cha msahafu,
kizito, irabu zote zimetimia,
karani akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kilemba.
Unguja tuliambiwa: Waarabu, rudini kwenu.
Tukarudi. Kwetu kukatupokea: Wazinjibari hao!
Babu alipenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hakutwambia mwenyeji akiwa ndiye mgeni,
apone nani.

Shofikul akaingia na dele la pili.

Miaka ishirini na tisa anafungua geti letu.
Ndimu ile kaipanda yeye. Ghaniya alimbeba yeye,
mgongoni, hadi basi la shule.
Kiarabu hakukishika. Nani alimsemesha Kiarabu nyumba hii?
Alishika kile tunachogombezana na kubembelezana nacho,
Kiswahili cha Ng'ambo chenye harufu ya Chittagong.
Mwezi uliopita alikwenda ofisini na karatasi zake,
akaitwa, akaitika, "Nipo, bwana,"
na kijana wa dirishani akamgeukia mwenzake:
"Msikie huyu Mzinjibari!"
Akarudi akanihadithia, akicheka.
Tusi letu. Limemkaa begani kama kanzu ya kurithi,
mikono mirefu kidogo.

Karatasi ziko juu ya friji.
Ametimiza sitini. Inatakiwa saini yangu mimi,
kwenye kisanduku cha kubaki au kisanduku cha kwenda.
Mwanangu Yaarub anasema, mama, mzee yule,
bima yake imepanda, mrejeshe kwao.
Kwao.
Herufi nne. Zimetoka Unguja, zikapita Matrah,
zikalala Odense kwenye baridi,
zikaja kutua jikoni kwangu, mdomoni mwa niliyemnyonyesha.
Sikumgombeza.
Kalamu nilikuwa nimekwisha kuishika.

Usiku Ghaniya akapiga tena, sauti imechoka.
"Tuanzie la kumi na saba, shangazi. Hili nalisoma mimi:
Ni nini kinachomfanya mtu awe wa hapa?"
Nje, mpira wa maji ulikuwa ukiburutwa juu ya changarawe.
Huwagilia ndimu usiku, jua likishang'oka meno.
"Shangazi? Umekatika?"
"Nipo," nikasema.
"Lisome tena. Lisome polepole."