Safu ya Usafiri

Walinipa fomu, begi la turubai,
kalamu mbili na kofia yenye nembo.
Mimi Ignas Kerketta, mwalimu wa hesabu,
mwezi huu wa Februari nahesabu watu.

Dumardih: kaya mia moja arobaini na mbili.
Nimezipita zote mlango kwa mlango,
nikiandika namba kwa chaki juu ya vizingiti,
hata kwenye zizi anamolala mjane Salgi na mbuzi wake
tangu paa la nyumba lilipoanguka.

Watu mia saba na kumi na watatu.
Nasema hivyo kwa mashaka,
maana wako wale wa matanuri ya matofali,
walioondoka baada ya mavuno, sufuria kichwani.
Kanuni yasema aliyetoka zaidi ya miezi sita
asiandikwe.
Nikamweleza Phagni, mwenye wana watatu huko.
Hakuacha kupepeta mchele.
"Asiyekuwepo na lake halipo," alisema,
"lakini sahani zao zile pale ukutani.
Hesabu sahani."

Kisha fomu ya kijiji.
Shule: ipo. Pampu: tatu
(haikuulizwa ngapi zinatoa maji).
Basi: lipo, halipo?
Kama halipo, andika umbali.
A, chini ya kilomita tano.
B, tano hadi kumi.
C, zaidi ya hapo.

Kwa mita ya baiskeli yangu, hadi njia panda ya Karmatoli
ni tisa na nusu.
Andika B, basi.
Lakini basi lenyewe ni moja, la Jumatano, siku ya gulio,
na kati yetu na basi kuna Kosna,
mto ambao leo ni mchanga mtupu,
watoto wanachezea gololi katikati yake.
Julai utaifuta hiyo B uandike C.
Agosti haina herufi.

Kaya ya tisini na saba. Mtoto wa kike,
miaka minne, jina Mangri.
Mahali alipozaliwa?
Mama yake, Jatri, akamtazama mumewe.
Mumewe akatazama miguu yake.

Ulikuwa usiku wa mvua, Jumanne.
Wakapindua kitanda cha kamba, wakakifunga mianzi,
mume na vijana watatu wakakiweka begani,
bibi mbele na tochi.
Maji ya Kosna yaliwafika kifuani.
Walipofika kilomita ya saba, mtoto hakungoja tena.
Wakakitua kitanda juu ya mwamba mpana,
wanaume wakageuka, wakaupa usiku nyuso zao.

Kijiji gani? Hapana kijiji. Ni msitu wa serikali.
Nina orodha yake humu begini,
idadi ya wakazi: sifuri.
Usiku ule walikuwa sita,
kisha saba.

Hapa siku ndiyo humpa mtoto jina.
Mangri, wa Jumanne.
Angevumilia hadi kupambazuke
angeitwa Budhni, wa Jumatano,
na njia panda lingekuwepo basi.
Bibi yake husema hivyo akicheka,
na Jatri hacheki.

Nikaacha nafasi ile wazi.
Msimamizi atanirudishia karatasi,
atasema nafasi wazi ni kosa, mwalimu mzima.
Nitaandika nini? "Mwambani"?
Mangri alikuwa amekwisha chukua chaki yangu,
akachora juu ya kizingiti, kando ya tisini na saba,
kitu chenye magurudumu matano.

Nje ya kijiji wakandarasi wamepanda jiwe jeupe la kilomita,
limeandikwa sifuri kwa rangi nyeusi.
Jiwe lilifika mwaka juzi. Barabara bado.
Ng'ombe hujikunia hapo.

Tairi la nyuma limeishiwa pumzi tangu kaya ya themanini.
Naisukuma baiskeli,
begi na watu wote mia saba na kumi na watatu mgongoni,
nao, ajabu, si wazito.
Tisa na nusu hadi njia panda,
na leo ni Alhamisi.